Wabunge Waliokula Kwetu

Historia ya jimbo letu naijua kwa chakula. Wengine wanaijua kwa vyama na kwa matokeo ya kura. Mimi naijua kwa nani alipenda ndizi za maharage, nani aliomba aongezewe mchuzi, na nani alitumalizia samaki, sisi watoto tukalala na kachumbari. Baba yangu alikuwa balozi wa nyumba kumi, baadaye mwenyekiti wa kitongoji, na nyumba yetu iko juu ya mteremko kwenye njia ya kwenda Rubya. Sebule yetu ilikuwa kubwa kuliko za majirani. Kwa hiyo kila mbunge aliyepita kuomba kura, au kushukuru kwa kura, alikula kwetu.

Wa kwanza ninayemkumbuka alikuwa mzee mpole, mwalimu wa zamani. Alikula polepole, akamsifu mama kwa ndizi zake, kisha akamuuliza baba ni watoto gani wanasoma na ni wepi wamebaki nyumbani. Huyo alipigania shule ya sekondari upande wa ziwani mpaka ikajengwa, na waliosoma pale leo ni wauguzi, mapadri na mahakimu. Aliyemfuata alikuwa msomi aliyerudi kutoka Ulaya. Alitafuna kahawa yetu kavu kama mtu aliyeiota usiku wote huko ughaibuni. Alileta barabara nyuma ya kilima. Akaja mfanyabiashara mwenye kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani, na yeye akajenga zahanati kata za bondeni. Nawasema kwa heshima, si kwa kejeli. Walikuwa watu wa kazi, na nikilinganisha na niliyoyasikia ya majimbo mengine, nasema sisi tulibahatika. Kosa halikuwa lao. Kosa lilikuwa sebuleni kwetu.

Kosa lenyewe ni hili: kwetu mgeni haombwi. Mgeni akifika anaambiwa nyegera, yaani karibu. Anakaa, analetewa kikapu kidogo chenye kahawa ya kutafuna, anapewa chakula, anasindikizwa mpaka njia panda. Kumwaga shida zako mbele ya mtu aliyetoka kula kwako ni kumdai chakula ulichompa. Baba alilishika jambo hilo kuliko amri za Kanisa. Mbunge akiuliza, "Mzee, hapa kuna matatizo gani?" baba ananyoosha mgongo na kujibu kwa neno letu la heshima, "Waitu, hapa tuko salama kabisa." Wazee wenzake nao wanaitikia, "Salama kabisa." Mheshimiwa anashukuru, anaondoka. Vijiji vya ziwani, vya nyuma ya kilima na vya bondeni, ambavyo baba alisema havina adabu, vikapata shule, barabara na zahanati. Sisi tukabaki na adabu yetu.

Na nyuma ya nyumba mama hakuwa na maji.

Kisima kiko chini kabisa bondeni. Kushuka si kazi. Kupanda na ndoo kichwani ndiyo kazi, maana njia ni ya mawe na mahali pengine inabidi ushike mgomba wa mtu ili usiteleze. Wakati wa mvua tulikinga maji kwenye bati, na mvua za kwetu si haba. Lakini kiangazi kikiingia, ilikuwa asubuhi bondeni na jioni bondeni. Halafu watu walipoongezeka jimbo likagawanywa, na mpaka ukapita katika bonde letu. Kisima kikabaki upande wa wenzetu. Mama akawa anateka maji jimbo moja na kupikia jimbo lingine. Sisi watoto tulimtania kwamba anahitaji pasi ya kusafiria. Yeye hakucheka sana, kwa kuwa ndoo ilikuwa kichwani kwake.

Hilo ndilo lililonichoma miaka yote. Kila mbunge aliyeambiwa kwamba tuko salama alikuwa amenawa mikono kwa maji ya mama. Ndizi alizosifu zilipikwa kwa maji hayohayo. Sikuwahi kumsikia mama akilalamika, na kwa kweli ukimya wake uliniudhi kuliko majivuno ya baba. Nilitamani avunje hata chungu kimoja.

Sisi watoto tulipopata kazi, mimi ualimu huku Bukoba mjini, tulichanga tukamnunulia simtanki. Lilimfaa sana masika. Kiangazi likawa kivuli cha kuku. Nikamwambia aje akae nami Kahororo, ambako maji yanatoka bombani ukifungua tu. Alikuja, akakaa juma moja akitazama bomba kwa wivu, kisha akasema kibanja kinamwita, akarudi kwenye migomba yake. Magoti yakaanza kuvimba. Daktari akamkataza kubeba vitu vizito. Mama akamshukuru daktari kwa upole wote, akarudi nyumbani, akachukua ndoo.

Ndipo akaja huyu kijana. Nasema kijana kwa sababu ningeweza kumfundisha darasani. Babu yake alitoka kata yetu, lakini yeye alikulia Nshambya, katika familia ya Kilutheri yenye nyumba ya kawaida na migomba michache nyuma. Baba alikuwa na wasiwasi naye. "Mtu wa mjini," alisema, "tena Mlutheri." Kura alimpa, lakini wasiwasi hakuuacha. Baada ya uchaguzi kijana akaja kushukuru, na alikuja kiangazi, wakati nimerudi nyumbani kwa likizo ya shule. Mimi nilikuwa jikoni. Mama alikuwa bondeni, kwa kuwa maji yote ya asubuhi yalikuwa yameishia kwenye ndizi.

Sebuleni mambo yalikwenda kama kawaida. Kahawa ikatafunwa. Mheshimiwa akauliza kama kuna matatizo, akajibiwa kwamba tuko salama kabisa. Kisha ukafika wakati wa kunawa.

"Maji!" baba akaita.

"Yanakuja, Baba," nikajibu kutoka jikoni, sufuria tupu mkononi.

"Yanatoka wapi?" mgeni akauliza, kwa sauti ya kawaida tu.

Wazee wakawa wanatazama kahawa kana kwamba hawajapata kuiona. Kijana akainuka, akasimama mlangoni, na kutoka pale mlangoni kwetu mteremko wote unaonekana. Mama alikuwa anapanda, mkono mmoja kwenye ndoo, mwingine kwenye goti, akisimama kila baada ya hatua chache.

Kijana akashuka vilevile alivyokuwa, shati jeupe, viatu vimepigwa rangi. Alipofika akaishika ile ndoo. Mama naye akaishika. Wakaanza kuvutana katikati ya njia.

"Mwana wange, acha, unaniaibisha!" mama akalia.

"Niachie, Mama."

"Wewe ni mbunge!"

"Ndiyo, Mama. Niachie."

Nusu ya maji ilimwagikia shati lake. Iliyobaki akaiweka kichwani, kichwani hasa kama wanavyobeba wanawake, akapanda nayo mpaka uani. Mzee mmoja alijifunika uso kwa kofia. Mimi nilichungulia kulia na kushoto nikitafuta mpiga picha, maana mimi si mtu wa kuamini haraka, na nimeshaona viongozi wakishika jembe mpaka picha itoke. Hapakuwa na mpiga picha. Dereva wake alikuwa amelala ndani ya gari, viatu dirishani. Kijana akatua ndoo, akanawa, akarudi sebuleni akiwa amelowa, akala vizuri sana. Akasindikizwa mpaka njia panda, na muda wote huo hakutamka neno maji. Nikajua kwamba amelelewa. Nilimpenda siku hiyo kama ndugu yangu wa tumbo moja.

Baba hakulala vizuri. Mgeni kubeba maji katika nyumba yake! Alimlaumu mama kwa kupitia njia inayoonekana, kana kwamba mama alikuwa na njia nyingine.

Miezi ikapita. Baba husikiliza Bunge redioni kama wengine wanavyosikiliza mpira. Anawajua mawaziri kwa sauti, na anajua nani akisimama atasema "taarifa, Mheshimiwa Spika" kabla hajasema. Asubuhi moja, wakati wa maswali na majibu, akasikia sauti ya kijana wetu. Akaongeza sauti. Kijana akataja kijiji chetu kwa jina lake. Akasema wananchi wake hawana maji, wanateka nje ya jimbo lao, akina mama wanapanda mteremko na ndoo mpaka uzeeni. Je, Serikali ina mpango gani? Naibu waziri akajibu kwamba Serikali inatambua changamoto hiyo na kwamba mradi utaingizwa kwenye mpango, upembuzi ukikamilika.

Mama alinipigia simu. Nilikuwa chumba cha walimu, nikapiga kelele mpaka mkuu wa shule akachungulia. Tangu tupate uhuru hakuna mtu aliyekitaja kijiji chetu mahali pale. Nilifurahi, nikalia kidogo, nikafuta machozi nikaingia darasani.

"Baba anasemaje?" niliuliza kabla ya kukata simu.

"Amezima redio," mama akasema. "Yuko kibanjani. Hajala."

Hamtaamini, na kama ninyi si Wahaya sitawalaumu. Wazee walikaa kikao, wamekasirika. Wametangazwa nchi nzima kwamba hawana maji! Watu wa bondeni, wale wasio na adabu, wamesikia. Wakwe wa Karagwe wamesikia. "Ametuvua nguo," mmoja alisema, na wote wakakubali. Watanzania wanatuita nshomile, kwa maringo ya usomi. Hawajaona bado maringo ya mtu asiye na maji. Kikao kikaamua kwamba Mheshimiwa akirudi nyumbani kutoka Dodoma, wazee waende kumwona Nshambya na kumwomba afute kauli.

Maji yalikuja baadaye, na bomba lipo leo nyuma ya jiko la mama. Nayasema mapema kwa sababu sipendi kumweka mtu roho juu. Lakini siku ya safari hiyo nusura yasije. Mradi ulikuwa bado neno tu lililosemwa Bungeni, na neno likifutwa na aliyelisema, nani angelikumbuka? Magoti ya mama yalikuwa yananing'inia kwenye neno hilo.

Walikuja watu wanne: baba, wazee wawili, na mama. Mama alikuja kwa sababu ya zawadi. Kwetu chakula cha zawadi hukabidhiwa na mama wa nyumba, na walikuwa wamebeba mkungu wa ndizi na kikapu cha kahawa. Hata kwenda kumkaripia mtu hatuendi mikono mitupu. Niliwapokea stendi nikawatafutia bajaji mbili, wazee wakapanda moja, mimi na wazazi wangu nyingine.

"Baba," nikasema tulipokuwa njiani, "mnakwenda kufuta maji ya Mama."

"Tunakwenda kufuta aibu," akajibu. "Maji ni jambo jingine."

"Ni jambo jingine kwa asiyeyabeba."

Alinitazama kwa jicho ambalo nilipokuwa mtoto lilinikimbiza mpaka migombani. Sikukimbia, lakini nilinyamaza. Nilikasirika mpaka meno yakaniuma. Mama alikuwa katikati yetu, kikapu mapajani, akitazama maduka.

Nyumba ya Mheshimiwa haikuwa na ukuta wala mlinzi. Kuku walikuwa wanazunguka barazani, na yeye mwenyewe akatoka kutupokea akiwa amevaa kandambili. "Nyegera waitu, nyegera," alisema, akasalimia wazee mmoja mmoja kwa mikono miwili. Nadhani alikwishajua tulichofuata, maana habari za vijijini hufika mjini kabla ya gari, lakini uso wake haukuonyesha.

Ikafika zamu ya mama. Akatua zawadi, akaanza kupiga magoti ili amsalimie.

"Hapana, Mama, tafadhali," kijana akasema. "Wewe ni mama yangu."

Lakini mama si mtu wa kufundishwa salamu. Mkubwa ni mkubwa hata akiwa na umri wa mwanao. Alipiga magoti yote mawili pale sakafuni, akasalimia salamu nzima bila kukata, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu kwamba ni njema. Kisha akataka kusimama.

Hakuweza. Mwanzoni alitabasamu, kama mtu ambaye bado ana neno la kuongeza. Akaweka kiganja sakafuni akajisukuma, akarudi chini. Akajaribu tena. Tabasamu likaondoka. Akatazama pembeni ili asikutane na macho ya mtu.

Nilikuwa nimeshapiga hatua, lakini baba alinitangulia. Sikuwahi katika maisha yangu kumwona baba akimshika mama mbele ya watu, hata mkono tu. Alimwingiza mikono kwapani, akamwinua. Goti moja halikunyooka, na mama akatoa sauti ambayo sitaki kuielezea. Kijana akavuta kiti, wakamkalisha. Kitenge kilikuwa kimepanda, na goti likaonekana mchana kweupe, limevimba, ngozi inang'aa. Baba akabaki amesimama, akilitazama. Walikuwa wameishi pamoja miaka mingi kuliko umri wangu, na niliona wazi kwamba goti lile hakuwa amelijua.

Kahawa ililetwa. Hakuna aliyetafuna. Mzee aliyechaguliwa kuwa msemaji akakohoa.

"Mheshimiwa, tumekuja kuhusu ile kauli yako kule Bungeni."

"Nawasikiliza, wazee."

"Imetuumiza. Tungeomba uifute."

Nilimtegemea kijana ajitetee, aeleze bajeti, amwite naibu waziri shahidi. Hakufanya hivyo. "Ninyi ndio mlionituma," alisema. "Mimi nilisema niliyoyaona kwa macho yangu. Lakini kama nimewakosea, na mkisema nifute, nitasimama palepale niifute."

Nikashikwa na hofu, kwa kuwa nilijua hasemi kwa kujipendekeza. Nimewaheshimu wabunge wetu wote, kila mmoja kwa lake, lakini mtu aliye tayari kujiaibisha mbele ya Bunge zima kwa sababu wazee watatu wa mteremkoni wameona haya, huyo sikuwahi kumwona. Na ndivyo alivyoniweka pabaya. Angekuwa mkaidi, maji yangekuwa salama.

Msemaji akamgeukia baba. "Nyumba iliyobebewa maji ni yako," akasema. "Sema wewe, afute au asifute?"

Baba hakuwa amekaa bado. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mama, mkono mmoja kwenye egemeo. Alipofungua mdomo alizungumza Kiswahili chake kile cha mikutano, kilichonyooka, kana kwamba Spika yuko chumbani.

"Ulisema wananchi wa kijiji hawana maji."

"Ndiyo, mzee."

"Hapo ulikosea. Kijiji hakina magoti."

Hakuna aliyeelewa mara moja. Baba akaendelea.

"Ukirudi, usiseme kijiji. Sema ni mke wangu. Sema na mimi nipo, ni mwenyekiti, na wabunge wote wa jimbo wamekula kwangu. Sema hivyo, na useme kwa sauti, maana kule Karagwe kwa wakwe redio yao haishiki vizuri."

Wazee wawili wakatazamana. Mama aliinamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilijua analia, ingawa hakutoa sauti. Mimi sikujizuia.

Kiti cha baba kilikuwa tayari pamoja na wazee wenzake, upande wa heshima. Hakukiendea. Alivua koti, akaketi sakafuni kando ya mama, akamshika mguu akauweka juu ya paja lake. Kisha akainua macho kumtazama mwenye nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, katika nyumba ya mtu, aliomba.

"Waitu," alisema, "tunaomba maji ya moto kidogo. Nimkande."